Neno la wiki hii ni present

Habari zenu wanagrupu, wiki hii tunashika neno moja tu la Kiingereza, present, maana wengi mnauliza mbona dikshonari inaonyesha pa kulikata kwa kistari, pale neno lisipotosha mwisho wa mstari, mahali pawili tofauti, na si makosa ya chapa jamani. Likiwa nomino au kivumishi linakatwa pres-ent, mkazo uko mbele, hapo ndo unapata zawadi, wakati uliopo, au mtu aliyehudhuria. Likiwa kitenzi linakuwa pre-sent, mkazo unahamia nyuma na maana inageuka, kukabidhi kitu, kuwasilisha hoja mbele za watu, hata kuendesha kipindi cha redio. Yani ukishasikia mkazo umeshajua kistari kinakaa wapi, na mimi naona hii inasaidia kuliko kukariri orodha ya maana. Sisi tumezoea silabi kuishia na vokali, ki-ta-bu, kwa hiyo mkono unakimbilia pre-sent kila mara, hapo muwe makini sana. Desert nayo ni hivyohivyo, des-ert jangwa, de-sert kutelekeza. Ila dikshonari za Uingereza na Marekani hazikubaliani kila mara pa kukata, chagua moja ubaki nayo. Na msiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, about haikatwi kabisa hata kama ina silabi mbili. Kila mtu alete sentensi tatu za present, maana tofauti tofauti, vois noti ni bora zaidi ili tusikie mkazo.