Kazi ya mume, dhamiri ya mke

Mhariri,

Wanaosema wanandoa wenye siasa tofauti hawawezi kukaa nyumba moja wamewasahau James Carville na Mary Matalin, washauri wa kampeni za siasa Marekani. Mwaka 1992 Carville alikuwa kwenye kampeni ya Bill Clinton, Matalin kwenye ya mpinzani wa Clinton, George Bush. Mwaka uliofuata wakaoana.

Lakini hiyo ni kura tu. Mume wangu anauza sigara kwa jumla, nami ni muuguzi wa wagonjwa wa mapafu. Ugomvi huja pesa zake zinapolipa ada ya watoto, maana hapo nami nimekula. Jamaa husema “kazi ni kazi”. Sikubali. Nimemwomba asinitake nimtetee mbele za watu. Ameafiki, shingo upande.

Msomaji wako