Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Kanada, kuhusu kipa wetu

Mdogo wangu,

Umeandika kwenye grupu la familia, mbele ya shangazi zetu na wakwe, kwamba mimi sijawahi kukanyaga barafu, kwa hiyo nisikufundishe kumlea mwanao, golikipa wa hoki ya barafu. Kisha ukajitoa. Ni kweli, barafu ninayoijua mimi ni ya pale Feri, ile wanayofukia changu na kibua. Lakini simu hupokei, meseji unasoma hujibu, na grupuni haupo tena. Nitakujibia hapa. Wengine wanaosoma wanisamehe, mengi hayawahusu.

Hebu tukumbushane. Nani alianza kunitumia video? Kijana hata ndevu hajaanza kuota, ukaniandikia: "Kaka, wewe ulidaka, mwangalie huyu, ana kitu?" Nikawa nakaa usiku na bando langu, narudisha nyuma, naangalia tena, nakuandikia. Siku hizo hukuniuliza habari ya barafu. Ulinisoma grupuni kwa sauti, ukawaambia watu "mwalimu amesema". Macho ni yaleyale, mdogo wangu. Nitakwambia yanaona nini leo, kizuri na kibaya, ili usiseme namdanganya mtoto.

Goli lao ni dogo, upana mita 1.83, kimo mita 1.22. Langu lilikuwa mita 7.32 kwa 2.44, na nusu ya hilo nilikuwa namwachia Mungu. Ila paki yao, kile kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 156 hadi 170, inakuja kwa kasi ambayo ukisubiri uione ndipo ujirushe, umeshafungwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya kipa wa kule ni kuwahi. Afike mahali pake, atulie, ndipo shuti lipigwe. Ukimwona anaokoa kwa sarakasi na uwanja mzima unapiga kelele, mara nyingi alichelewa. Hilo nililijua kwenye vumbi la Tandika wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni.

Kijana wetu anawahi. Paki ikihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, anasukuma kwa mguu mmoja, anafika, kifua kimemwelekea mpigaji, ametulia. Hilo halifundishwi kirahisi, na wenzake wengi waliomzidi urefu hawana.

Kibaya chake: anapiga magoti mapema. Kule karibu wote wanadaka kwa kupiga magoti na kutandaza miguu ili kufunga chini. Tangu enzi za kipa Patrick Roy wa Montreal mtindo huo umeenea kila mahali. Ila ukishuka kabla mpigaji hajaamua, umempa kona za juu bure, na kijana wa sentimita 183 akishuka, kona hizo zinakuwa wazi kweli. Kipindi cha tatu, cha mwisho, akichoka, mkono wa kushoto wenye glovu ya kudakia unaanza kulegea. Na paki nyingine anazitema katikati, miguuni mwa adui, badala ya kuzipeleka pembeni. Yote hayo nimemwambia mwenyewe, bila kupamba. Wewe unadhani nimekuwa nikimwimbia nyimbo.

Urefu unaniumiza kichwa, nakubali. Makipa wengi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya huko Amerika Kaskazini, siku hizi ni majitu. Juuse Saros wa Nashville ana sentimita 180 na amekuwa namba moja miaka kadhaa, lakini mtu mmoja si kanuni. Ninachokukatalia ni kulitamka neno "mfupi" kama hukumu ya mahakama. Juma Kaseja hakuwa mrefu. 2003 Simba ikaenda Cairo ikawatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti, na golini alikuwa nani? Nakumbuka ulivyonuna usiku ule, Yanga wewe, hukutaka hata chai.

Sasa hii asilimia 89 unayoitupia watu usoni. Umesema kipa wa maana anaokoa mashuti 90 na zaidi katika 100, wa kwetu 89, basi hesabu imefungwa. Wewe ni mhasibu, mimi nilikuwa karani wa bandari, tupige hesabu pamoja. Kipa namba moja akicheza mechi 50 na kupigiwa mashuti 30 kila mechi, hayo ni mashuti 1,500. Asilimia moja ya hapo ni mabao 15, na kwa mabao 15 mtu anapoteza kazi. Lakini kijana wetu alikuwa wa akiba. Mechi 18 ni mashuti kama 540. Asilimia moja hapo ni mabao matano na ushee. Mabao matano! Moja limegonga mguu wa beki wake mwenyewe, jingine mtu amemkalia machoni, jingine timu ina mtu mmoja nje kwa adhabu. Utamhukumu mtoto kwa mabao matano? Hata ukaguzi wa duka la Kariakoo hauendi hivyo.

Nafika kwenye harusi ya mpwa wetu. Nilijizuia nisiiandike, lakini nikiiruka hii barua haina maana.

Juni klabu zote 32 za NHL zilikaa, zikafanya uteuzi wa vijana, kila klabu inaita wa kwake kwa zamu, raundi saba, majina 224. Jina lake halikusomwa. Julai mkaja Dar. Ukumbini Sinza, MC akawasimamisha wageni wa Kanada, akamuuliza kijana anafanya nini huko majuu. Mtoto kafungua mdomo, wewe ukachukua maiki. Ukasema: "Huyu golikipa wa akiba. Nalipa mamilioni akae benchi awaangalie wenzake. Majina mia mbili ishirini na nne wamesoma, la kwake wamesahau kuliandika." Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilionyesha meno kabla maneno hayajaniingia. Ulidhani Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Alielewa kila neno. Alisimama na soda yake mkononi, anatabasamu kwa sababu kamera ya harusi ilikuwa imemlenga, na MC akamwambia "pole baba, kaa". Wewe ukaenda kumtunza bibi harusi kwa noti za dola, unacheza.

Mzee wetu alikuwa mkali, lakini alitupiga nyumbani. Hakuna siku alitutoa nguo mbele ya watu.

Na hukumbuki, au hujali, kwamba kuna watu waliopita hukohuko. Kwenye uteuzi wa mwaka 2000 aliyeitwa wa kwanza kabisa alikuwa kipa, Rick DiPietro. Kipa mwingine, Henrik Lundqvist, aliitwa wa 205. DiPietro akapewa mkataba wa miaka 15, majeraha yakammaliza. Lundqvist amedaka New York miaka 15 na leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Connor Hellebuyck aliitwa wa 130 mwaka 2012, na 2025 amechukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, kipa! Sergei Bobrovsky, kipa mwingine mkubwa, hakuitwa kabisa. Kwa washambuliaji wale wakaguzi wa vipaji wa klabu wanapatia mara nyingi. Kwa makipa wanapapasa gizani, na wao wenyewe wanajua, ndiyo maana wengi huwaacha hadi raundi za chini. Kipa anachelewa kuiva. Wa kwetu kazaliwa Agosti, na kikomo cha uteuzi ni tarehe 15 Septemba, yaani alipimwa pamoja na vijana waliomtangulia kwa karibu mwaka mzima. Anaweza kuteuliwa akiwa na miaka 19, hata 20, na baada ya hapo klabu yoyote inaweza kumsaini tu. Haya yote unayajua. Uko huko miaka yote.

Na lile jingine ulilomwambia kwenye gari, kwamba mchezo ule si wa watu weusi, ameniambia. Kipa Grant Fuhr alikuwa mweusi, Edmonton wakamchukua wa nane mwaka 1981, akabeba Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, mara tano. Ungemtajia huyo kwanza, halafu ndiyo umweleze ugumu. Ugumu upo, simkatalii mtu.

Siku mbili baada ya harusi alinijia Tandika peke yake kwa bodaboda. Akaniambia, "Baba mkubwa, una mipira ya tenisi?" Tukaitafuta. Tukaenda uwanja wa shule, nikaweka mawe mawili kwa upana wa goli lao, nikawapanga watoto wa mtaani mbele yake wamkinge asione, mimi narusha kutoka nyuma yao. Unajua alifanya nini? Alichutama, shingo huku, shingo kule, anautafuta mpira katikati ya miguu ya watoto, na kila ulipotokea kichwa chake kiliufuata mpaka ndani ya kiganja. Mpaka ndani, mdogo wangu. Makipa wengi wanauacha mpira kwa macho nusu mita kabla. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, ndiyo maana krosi zilikuwa zinaniponyoka.

Kisha katoto kamoja, pengine ka darasa la nne, kakampiga tobo. Watoto wakalipuka kwa kicheko, wakambeba mwenzao. Nikamtazama kijana, maana kwangu mtihani ndio ulikuwa huo. Akacheka, akamwita yule mtoto, akamwomba apige tena vilevile, kutoka palepale. Akamrudia mpaka akaona ni goti gani lililochelewa kufunga. Kipa aliyefungwa anaangalia beki wake, au anaangalia chini, au anaangalia jukwaani kama baba yupo. Huyu aliangalia goti lake. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu juu yake, wala si kwenye video zako.

Unasema nimemharibu, nimemwambia aache shule. Sikusema hivyo. Nilimwambia amalizie miaka iliyobaki kwenye ligi ya vijana, maana inamruhusu hadi miaka 20, ndipo aamue. Ligi yenyewe ina utaratibu wa kuwalipia masomo wachezaji wake, na tangu Agosti 2025 hata vyuo vya Marekani vinawapokea vijana waliopitia ligi hizo. Zamani ukizichezea mlango ulikuwa umefungwa. Shule iko palepale inamsubiri. Magoti yake hayamsubiri mtu. Sasa kosa langu liko wapi? Mtoto amekuja kwangu na swali, nimjibu "muulize baba yako", wakati baba yake amemjibu kwa maiki?

Na usiniletee tena lile la kwamba nataka acheze yeye kwa sababu mimi sikucheza. Shangazi naye amelidaka, analizungusha. Mimi nilipoambiwa ni mfupi nilikuwa na miaka 19, kocha hajaniona hata nusu saa, Mzee akasema bandarini wanataka makarani, nikaenda. Sikulia. Nimejenga, nimesomesha, na tiketi yako ya kwanza ya ndege unajua ilitoka kwenye mshahara gani. Sisemi ili unilipe. Nasema kwa sababu umeandika kwamba mimi ni mtu wa ndoto. Mtu wa ndoto angekupa tiketi ile, au angekwenda majaribio Uarabuni na pesa ileile? Basi.

Unataka tathmini yangu, niandike kama ripoti: NHL ina klabu 32, kila moja makipa wawili, ajira 64 duniani kote. Sioni akifika huko, labda mambo mengi sana yamwendee sawa. Ligi ya chini yake, au Ulaya, Ujerumani, Uswidi, huko namwona, akiacha kushuka mapema na akinyanyua ule mkono. Anaweza kuishi kwa kazi hii miaka kadhaa na kurudi shule akiwa mtu mzima aliyejaribu. Kwangu hiyo ni riziki. Wewe ulitaka jina lisomwe kwenye televisheni, halikusomwa, ukamkatia hela ya mwalimu wa makipa. Huyo mwalimu ndiye angemrekebisha magoti.

Ijumaa wanacheza nyumbani, saa moja jioni kwenu, saa nane usiku kwetu. Ameambiwa ataanza yeye. Bando nimeshanunua, na umeme ukikatika nina pawabenki. Kutoka kwako mpaka pale ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Kaa nyuma ya goli lake, kipindi cha kwanza na cha tatu atakuwa upande huohuo. Angalia miguu, ubao wa mabao uache. Ukiona nimekosea, nipigie uniambie nimekosea wapi. Kama namba yangu uliifuta, mkeo anayo, maana yeye akipigiwa anapokea.

Kaka yako