Baba, uliniuliza Durban inakula nini

Baba na Mama, kamwene.

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni. Nimesikia barafu ya alfajiri imechoma viazi vya bondeni. Poleni sana. Huku nako ni Juni, ni kipindi cha baridi, ila saa nne hii ya asubuhi nimekaa nje na fulana. Kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unaoteremka kutoka upande wa Msumbiji, wanauita Agulhas, ndio unaouzuia mji huu usipoe. Mama, sweta uliyonifumia naivaa usiku tu, tena kwa kukukumbuka.

Juzi kwenye simu Baba uliniuliza: "Huo mji unakula nini? Hauna mgodi, hauna shamba, una maji ya chumvi tu." Nikacheka, kifurushi kikaisha. Lakini swali limenikwama kooni. Mwaka wa nane huu naishi Durban, Afrika Kusini, na siku zote nilikuwa najibu kama watu wengine: ni mji wa bandari, unakula bandari. Hilo si jibu. Lindi nao wana bandari. Pangani walikuwa nayo. Mbona hawakuwa Durban? Kwa hiyo nimeona nikuandikie, mdogo wangu akusomee polepole, wewe ukiwa na kikombe chako cha chai.

Ngoja kwanza nikuchoree. Kuna ghuba, maji yametulia kama ya bwawani. Kati ya ghuba na bahari kuu amelala mlima mrefu mwembamba, unaitwa Bluff, kama ng'ombe aliyejilaza kuukinga upepo. Upande wa pili ni ulimi wa mchanga unaoitwa Point. Meli zinapita katikati ya hivyo viwili. Nyuma ya mji kuna mgongo mwingine wa vilima, Berea, ambako wenye nazo walijenga ili wapate upepo. Wazulu wanauita mji huu eThekwini, kutokana na neno lao itheku, yaani ghuba. Mreno Vasco da Gama alipita pwani hii Krismasi ya mwaka 1497, ndiyo maana akaiita Natal, na mwaka uliofuata alikuwa Mombasa na Malindi. Wafanyabiashara wa Kiingereza walipiga kambi hapa mwaka 1824 wakitafuta pembe za ndovu, na mwaka 1835 wakaupa mji jina la gavana wao wa Cape, D'Urban. Jina la mtu wa kupita, lakini ndilo lililoganda.

Sasa sikiliza hili, Baba, maana mimi mwenyewe lilinishangaza. Ghuba nzuri hivyo, lakini mlango wake ulikuwa umezibwa na fungu la mchanga. Meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje kwenye mawimbi, na abiria wanashushwa kwenye boti ndogo ndani ya kikapu kikubwa cha kusuka, watu kadhaa kwa mkupuo, kama tunavyobeba kuku kwenye tenga. Walichimba na kuchota mchanga miaka na miaka. Mpaka mwaka 1904 ndipo meli kubwa ya barua kutoka Uingereza ilipoweza kuingia ndani yenyewe. Na hata leo wanachota. Meli ya kuchota mchanga naiona mara kwa mara, inakwenda na kurudi kama mama anayefagia uwanja wenye mwembe.

Nani atahangaika kiasi hicho kwa ajili ya mlango ulioziba? Mtu mwenye mzigo nyuma yake. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Mwaka 1886 iligunduliwa dhahabu Witwatersrand, huko juu ambako sasa ni Johannesburg. Mwaka 1895 reli kutoka Durban ikafika huko. Tangu hapo mji huu haukula tena bahari, ulikula bara. Mlango uko hapa, tumbo liko kilomita zaidi ya 500 ndani ya nchi. Mpaka leo zaidi ya nusu ya makontena yote ya Afrika Kusini yanapita hapa, na mengi yanakwenda au yanatoka Johannesburg.

Na njia yenyewe ungeipenda. Inaitwa N3. Unatoka usawa wa bahari, unapanda, unapanda, mpaka unavuka kona za Van Reenen kwenye milima ya Drakensberg, kisha uwanda wa juu, karibu mita 1,700. Madereva wa hapa wanazungumzia miteremko yake kwa sauti ileile uliyokuwa unazungumzia mteremko wa Kitonga enzi zako za udereva. Mwaka 2013 semi iliyoshindwa breki kwenye mteremko wa Field's Hill, barabara ya M13 iliyo pembeni ya N3, iliua watu 24. Septemba 2024 theluji iliwafungia madereva Van Reenen, magari yamejipanga kilomita kwa kilomita, watu wamelala ndani na mablanketi. Nilikukumbuka ulivyotusimulia ulivyolala mpakani Tunduma siku sita kwa ajili ya karatasi moja. Wao angalau walikuwa na theluji ya kulaumu.

Lakini kuna jambo lingine linalokuhusu zaidi. Kwenye yadi tunayofanyia kazi, wiki iliyopita iliingia semi yenye namba za Zambia. Nilimsalimu dereva kwa Kiswahili kwa kubahatisha tu, akajibu! Kumbe amekulia Nakonde, ng'ambo ya Tunduma pale. Amebeba shaba, Baba. Shaba ileile uliyokuwa unaipitisha Makambako mizani. Nikamuuliza, Dar si karibu zaidi? Akasema ni karibu, tena sana. Ila mwenye gari hatazami kwenda tu, anatazama kurudi. Mashine za migodini, vipuri, kemikali, vingi vinanunuliwa Afrika Kusini, kwa hiyo gari linashuka na shaba linapanda na mashine. Gari likishuka Dar foleni ikawa ndefu au mzigo wa kurudi ukakosekana, faida imeishia kwenye dizeli. Ndiyo hesabu yote. Bandari hizi mbili, pamoja na ile ya Beira, zinagombea tumbo moja, na barabara yetu pale nyumbani ni utumbo mmojawapo. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake Rhodesia mwaka 1965 njia ya kusini ikawa mashaka kwa Wazambia, ndipo ikaja lami ya TANZAM, barabara ya Tanzania na Zambia, bomba la mafuta, na reli ya TAZARA ya Wachina, kilomita 1,860. Makambako ikawa mji. Wewe ukawa dereva. Kwa maana hiyo hata mimi nimelelewa na mzigo uliokataa kupita huku.

Reli ya hapa siku hizi imechoka. Vichwa vya treni havitoshi, na nyaya za umeme za reli zinaibwa kwa sababu ni shaba. Ndiyo, Baba, shaba inakuja kwa barabara kwa sababu shaba ya reli imeibwa. Matokeo yake malori yanajazana mpaka geti la bandari. Kufika kwenye gati kuu la makontena kuna barabara moja, Bayhead. Mwishoni mwa mwaka 2023 winchi zilikuwa mbovu, upepo nao ukizidi winchi zinasimama, ikawa ukipanda Bluff jioni unaona meli makumi zimetia nanga nje zikisubiri, taa zake kama mji mwingine umezaliwa baharini. Kupendeza zilipendeza. Kwetu yadini ilikuwa njaa, maana fundi analipwa kontena likiingia.

Kazi yangu mdogo wangu anapenda kuwaambia watu kwamba "ninatengeneza friji". Ni kweli, ila friji yenyewe ina futi 40. Ni makontena ya baridi ya kubebea machungwa, na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje matunda ya jamii ya machungwa. Kabla kontena halijakwenda kupakia lazima tuliwashe, tulipime, tuangalie mpira wa mlango haujakatika, mifereji ya maji haijaziba, na kile kidude cha kupimia joto hakidanganyi. Hicho kidude ndicho chenye dhambi. Kikikosea nyuzi mbili tu, mzigo mzima unaweza kufika umeharibika, na mwenye shamba huko bara anaambiwa matunda yake yalikuwa mabovu. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha kontena ambalo mpira wa mlango ulikuwa na tundu dogo la kuingia kidole. Lilirudishwa. Nilikatwa mshahara wa wiki, na walinikata kwa haki.

Mwambie mdogo wangu kwamba parachichi zenu hazipozwi na kontena. Kontena linatunza ubaridi, haliuleti. Tunda lishuke joto siku hiyohiyo lililochumwa, kwenye chumba cha baridi, ndipo lipakiwe likiwa kwenye nyuzi 5 au 6. Akilipakia la moto kwa sababu wakala ana haraka, litaiva baharini.

Ulisema hauna shamba. Shamba lipo, limeuzunguka mji kaskazini na kusini: miwa. Pale Maydon Wharf kuna maghala ya sukari yenye migongo mirefu, yanaingia zaidi ya tani nusu milioni. Miwa ndiyo iliyoleta Wahindi. Meli ya kwanza, Truro, iliingia tarehe 16 Novemba 1860 kutoka Madras na watu 342, kwa mkataba wa kazi wa miaka kadhaa, na kila mmoja akaandikwa kwa namba. Nilipoambiwa habari ya zile namba nilimwona Babu na mkonge wake wa Tanga. Manamba! Kumbe waliletwa hata kwa kuvuka bahari. Mpaka mkataba wa namna ile ulipokomeshwa mwaka 1911 walikuwa wameletwa zaidi ya 150,000. Wajukuu wao ndio majirani zangu, na chakula chao kimekuwa cha mji mzima: nusu mkate unachongwa katikati, unajazwa mchuzi wa maharage au nyama, unakula kwa mikono na lile tonge lililotolewa linakuwa kijiko. Gandhi alifika hapa mwaka 1893 akiwa wakili kijana. Wamempa mtaa, ule wa Point, uliokuwa na sifa ya pombe na mengine nisiyoweza kumwandikia Mama. Sijui kama angeshukuru.

Mama, na wewe una lako. Bosi wetu mdogo pale yadini, anayegawa kazi asubuhi, wanamwita induna. Siku ya kwanza nilidhani wananitania kwa kuwa nimesema mama yangu ni Mngoni wa Peramiho. Nduna! Kama Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Na chifu wao ni inkosi, kama nkosi wa kwenu. Mtu ni umuntu, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu. Wazee wa Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, walitoka kaskazini mwa eneo hili wakikimbia vita vya enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835, Zwangendaba mwenyewe akafia Ufipa, wengine ndio wakaja kuwa watu wa Songea. Nilimweleza induna wetu habari hizo saa ya chakula. Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi mlichelewa kurudi." Watu wakaangua kicheko. Tangu hapo ananiita binamu, ingawa kazi ngumu bado ananipa mimi.

Sitawaficha, si kila mtu ananiita binamu. Julai 2021 maduka yaliporwa, malori yakachomwa kule Mooi River kwenye N3, na nchi nzima walikufa zaidi ya watu 350. Nilijifungia siku nne na unga kilo tano. Mwaka uliofuata, Aprili, ikaja mvua. Mji huu umejengwa kwenye vilima na mabonde, watu wasio na pa kukaa wamepanga mabati kwenye miteremko na kando ya mito, na maeneo mengine yalipata mvua zaidi ya milimita 300 kwa siku moja. Walikufa zaidi ya 400. Chumba changu kilikuwa bondeni. Maji yaliingia saa tano usiku, nikatoka na pasipoti ndani ya mfuko wa sukari na spana zangu begani, godoro nikaliacha liende. Asubuhi makontena yalikuwa yamelala katikati ya barabara kuu, yametoka yadini yakielea yenyewe. Barabara ya Bayhead ilikatika, na bandari ikawa kama mdomo usio na koo. Hilo sikuwaambia wakati ule. Sasa nakaa juu, Mama, hata mvua ya Nuhu itanikuta wa mwisho.

Hela ya mbolea nimemtumia dada, agawane na Mama ile ya kliniki ya macho. Na mdogo wangu, kontena likija kupakia parachichi zenu, kabla hawajafungua mlango piga picha ile sahani ndogo ya chuma iliyopigwa ribiti kwenye mashine ya mbele, yenye mwaka wa kutengenezwa, na nyingine ya kona ya chini ya mpira wa mlango. Nitumie hapohapo, hata kama ni usiku wa manane. Nikisema msipakie, msipakie.

Ni mimi mtoto wenu,
Durban