Kaka Gwakisa, lile jiko uliloniuzia

Mbagala, Jumapili usiku

Kaka Gwakisa,

Salamu nyingi sana. Kama tulivyofundishwa shuleni: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Mama anakusalimu, na anauliza ule mchele wa Kyela uliomwahidi tangu Noeli umekwama mzani gani. Salamu zimeisha. Sasa nisome kabla hujaikunja hii karatasi na kuwashia mkaa, maana najua miezi mitatu hii hutaki hata kulisikia jina langu, na haki unayo.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu hupokei. Tusa anapanda basi Jumanne alfajiri, nimembembeleza akufikishie mwenyewe mpaka Uyole.

Jambo lenyewe ni ile laptopu uliyoniuzia. Jana nilikuwa natafuta flashi kwenye begi la laptopu, ule mfuko wa ndani wenye zipu mbovu, nikaikuta karatasi yako. Ya daftari, imekunjwa mara nne, mwandiko wako uleule wa kuku aliyekanyaga wino. Mstari wa kwanza: "Usifomati kabla hujanipigia." Wa pili: "Prosesa punguza 110, na kashi yake 110, zote sawa." Wa tatu nitaufikia, huo ndio ulionifanya nitafute kalamu.

Gwakisa, mimi nilifomati, nikafuta kila kitu, siku ileile. Basi limeshusha mzigo saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku Windows mpya inapanda. Nilitaka iwe "yangu". Kwa hiyo ile ThrottleStop uliyoihangaikia, programu ya kupunguza milivolti zinazoingia kwenye prosesa, na hesabu zako zote, nilizifuta kabla hata mashine haijalala usiku mmoja Dar. Halafu Januari nikakutumia zile meseji. Ile ya "umeniuzia jiko la mkaa kwa bei ya laptopu" ndiyo niliyoituma na kwenye lile kundi letu, Dulla na Shija wakaicheka wiki nzima. Wewe ulisoma, ukanyamaza. Ningekuwa mimi ningetukana.

Lakini nikueleze nilivyokuwa naiona, usidhani nilianza ugomvi kwa raha. Unakijua chumba changu: bati juu, dari hakuna, pangaboi linazungusha joto lilelile kama mtu anayekoroga uji. Januari humo ndani saa nane mchana ni nyuzi 33, wakati mwingine 34. Huko kwenu mnalala na blanketi mbili. Na ile mashine haina kiyoyozi ndani, inapoa kwa hewa ya chumba tu. Chumba kikipanda nyuzi 10, nayo ndani inapanda karibu zilezile 10. Kwa hiyo iliyokuwa 85 kwako Mbeya ilishakaribia 95 hapa kabla sijagusa kitu. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho kama ningekaa nikafikiri badala ya kuchapa meseji.

Nilikuwa nafanyia kazi video ya harusi ya mtoto wa Mama Nuru, nimefungua HWiNFO pembeni, ile programu ya kusoma joto la mashine. Prosesa: 97, 99, 100. Sasa prosesa hii, i7-9750H, mpaka wake ni nyuzi 100. Ikifika hapo haizimiki, inajibana yenyewe, inapunguza kasi ili isiungue. Nilinunua mashine ya GHz 4 na ushee, naiona inatembea na 1.3, feni zinalia mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Video ya dakika 20 ilichukua dakika 43 kutoka. Usiku nikisema nipumzike na gemu la mpira, mchezaji anapiga shuti leo, goli linaingia kesho.

Na hapo ndipo Shija, unamjua, akaja na dawa: ovakloki, yaani kuilazimisha ikimbie kuliko ilivyopangiwa. "Kadi ya picha ni 1660 Ti, kaka, imelala hiyo, iamshe." Nikamsikiliza. Nikafungua MSI Afterburner, programu ya kuchezea kasi ya kadi, nikaongeza MHz 150. Dakika tatu za kwanza tamu kweli, nikaanza hata kujisifu. Kadi ikafika 86, ikaanza kushuka, fremu, yaani picha kwa sekunde, zikatoka 70 hadi 31, kioo kikachora rangi kama doti la khanga lililotoa rangi, kisha giza. Shija akasema labda tungeongeza kidogo tu. Nilimfukuza.

Sasa sehemu mbaya zaidi, na hii sikukuambia Januari kwa sababu nilikuwa nimeisahau, au nimejisahaulisha. Kabla ya zile meseji niliipeleka kwa fundi. Simtaji. Nilimwambia "ifanyie sevisi tu", akabadilisha pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu, akabadilisha na zile pedi laini zinazokaa juu ya memori, akapuliza vumbi kwa juujuu, akachukua hela yake. Kuanzia hapo ndiyo ikawa 100. Kabla yake ilikuwa 92, 94. Mimi nikahesabu kwamba ugonjwa ulikuwa wako, fundi kaufunua tu.

Mwishoni mwa Februari dogo mmoja wa huku mtaani, mtaratibu, hata kibanda hana, anafanyia kazi sebuleni kwao, akaifungua mbele yangu. Akaniita nitazame. Pesti iliyowekwa kwenye chipu ya kadi ilikuwa imesimama kama kilima, haijabanwa! Yaani ile sahani ya shaba ilikuwa haiigusi chipu sawasawa. Kwa nini? Pedi. Pahali palipotaka milimita 1 yule fundi kaweka za milimita 2, zikainyanyua sahani nzima. Ukaze skrubu utakavyo, imekaa juu ya magodoro. Na kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto kulikuwa na blanketi la vumbi, limeshikana, dogo akalitoa kwa kibano likiwa zima kama kipande cha pamba. Hilo nusu lako nusu langu, tusidanganyane. Mimi nilikuwa naitumia juu ya kitanda.

Dogo alinifundisha kitu kimoja ambacho nadhani wewe ulikuwa unakijua zamani ukaninyima, au uliniambia nikawa naangalia simu. Yale mabomba ya shaba mle ndani si shaba tupu. Yana kimiminika kidogo, kwa kawaida maji, na hewa imetolewa ili yachemke mapema. Maji yanageuka mvuke upande wa chipu, yanakimbilia upande wa feni, yanapoa, yanarudi. Na kwenye hii yetu (bado naiita yetu, nisamehe) prosesa na kadi wanatumia mabomba hayohayo. Nyumba mbili, bomba moja. Prosesa akijimwagia wati 60 kwa ajili ya kitu kisichohitaji, kadi anakosa mahali pa kupeleka joto lake. Ndiyo maana dawa ya Shija ilikuwa sumu. Tulikuwa tunamwongezea mzigo mtu aliyeshindwa kupumua.

Kwa hiyo jana, baada ya kuikuta karatasi, nikapakua tena ThrottleStop, nikapunguza milivolti 110 kama ulivyoandika. Nilidhani nitapoteza kasi. Sikuelewa kwamba kasi inabaki ileile, kinachopungua ni volti inayosukuma kasi hiyo, na matumizi ya umeme yanafuata volti kwa kipeo cha pili. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya LUKU: ukitoka volti 1.1 ukashuka hadi 1.0 kwa kasi ileile, nguvu inayotumika kwenye kazi inashuka karibu asilimia 17. Asilimia 17 bure! Na mimi nilikuwa nimeshauliza bei ya yale mafeni ya kuweka chini, yenye taa za disko.

Ile video ya harusi nikaitoa upya, nione tu. Baada ya dogo kurekebisha pedi ilikuwa dakika 28. Na hesabu zako, 24. Prosesa 84, chumba 32. Gemu nimelifunga fremu 60, maana kioo chenyewe kwenye TV ya sebuleni ni cha 60, zile za ziada nilikuwa nachomea joto tu. Nyuma nimeinyanyua kwa vizibo viwili vya soda, upande wa feni upate hewa. Usicheke. Vizibo vile vimeshusha nyuzi tatu.

Yaani mimi nilikuita mwizi kwa kitu nilichokivunja mwenyewe mara mbili, mara ya kwanza kwa kufomati na mara ya pili kwa kulipia. Kwenye kundi nimeshaandika leo mchana, nikaeleza yote, na pedi nikazipiga picha. Dulla kajibu kwa vikaragosi tu. Kibonge kauliza kama sasa naiuza. Bado hainitoshi lakini, kwa sababu uliyetukanwa hukuwepo hata kwenye kundi. Ulitoka Januari ileile. Niliona "ametoka" nikasema si anajua alichofanya. Basi tu.

Kuna jambo jingine linanitia tumbo joto. Kila nikiwasha, kuna kidirisha kinaniambia kuna sasisho la BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine. Nimelikataa mara tano. Nimesoma habari ya Plundervolt, ile waliyoitangaza watafiti wa Birmingham, Leuven na Graz Desemba 2019: kwamba mtu akichezea volti za prosesa za Intel anaweza kuilazimisha ikosee hesabu na kutoa siri zilizofungiwa kwenye ile sehemu yake ya ndani. Baada ya hapo masasisho mengi yakaja yanaifunga hii njia ya kupunguza volti. Nikibonyeza "kubali" huenda 110 zako zikaisha hapohapo. Nasema hivi: ili mtu aifanye hiyo kazi lazima awe tayari ana mamlaka yote ndani ya mashine, na akishafika hapo siri zangu ni video za kitchen party na magoli ya kwenye gemu. Lakini wewe ndiye mwenye akili ya mambo haya. Sasisho halileti hilo moja tu, na sitaki nikatae kitu cha maana kwa kung'ang'ania baridi.

Kuhusu ile metali ya maji ya kuweka badala ya pesti, ambayo Shija anaisifia sasa (keshahamia huko), nimekataa. Ina galiamu, inakula aluminiamu, inapitisha umeme, na tone moja likidondoka kwenye mazabodi ndiyo kwaheri. Dogo naye aliposikia alitikisa kichwa tu akaendelea kula muhogo.

Haya, mstari wa tatu. Umeandika: "Kadi: 1700 kwa" halafu pameloa. Sijui ni jasho langu au ni soda, wino umesambaa, naona kama 7 au 8 mwanzoni, basi. Nimeelewa unataka nini, ule mchirizo wa volti na kasi kwenye Afterburner niulaze uwe bapa kuanzia volti fulani, kadi isivuke MHz 1700 wala isiombe volti zaidi. Nimejaribu milivolti 750, gemu likazima baada ya dakika kumi. 850 inakubali, lakini kadi inafika 79 na najua wewe usingekaa hapo. Nimeiwekea tochi kwa nyuma, nimempa Mama asome, akasema anaona neno "yoo". Sasa niambie: ilikuwa 775? 800? Ulipima kwa gemu gani, na kwa muda gani kabla ya kuiamini? Kwenye prosesa uliishia 110 kwa sababu 120 iliganda, au uliogopa tu? BIOS uliwahi kuigusa, au ni ileile ya dukani? Ile feni ya kushoto ilikuwa inakwaruza tangu huko, au hilo nalo ni la fundi wangu? Mtoto keshaanza darasa la kwanza? Baba yako mguu umepona? Ukimjibu Tusa kwa mdomo atasahau, muandikie kwenye karatasi, namba tu inatosha, hata usiponisalimia. Au nikipiga Jumatano jioni, saa mbili hivi, utapokea?

Wako,
Mfomati