Mawe ya Mdako

Kibosho, Moshi
14 Julai

Rafiki yangu wa dawati moja,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mwezi huu Kibo tunaiona kwa bahati, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na Mama habanduki kwenye mafiga kabla ya saa nne asubuhi. Mimi sijambo, watoto hawajambo. Natumaini wewe na wa nyumbani kwako mko salama, na kwamba zamu za usiku zimepungua kama mlivyoahidiwa.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo lenyewe ni refu na nataka ulisome ukiwa umetulia, hata mara mbili. Nataka twende Majita, kule kwao Mama mkoani Mara kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, mimi na wewe, mwishoni mwa Septemba, tukaokote mawe ya ziwani.

Huku kwetu ukitamka "mawe" watu wanageuza shingo. Nilipomwambia jirani kwamba nina safari ya kutafuta mawe, aliniuliza nauzia broka gani Arusha. Simlaumu. Tangu tanzanaiti ilipoonekana Mererani mwaka 1967, neno hilo limebadilika maana kwa watu wa Kilimanjaro na Arusha, na ule ukuta uliojengwa kuzunguka machimbo mwaka 2018, wa kilomita zaidi ya 24, umelifanya zito zaidi. Mawe ninayoyataka mimi hakuna broka atakayeyapokea. Ni mawe ya mdako, ule mchezo wa watoto wa kurusha jiwe juu na kulidaka.

Unalikumbuka baraza la nyumbani? Pale tulipokuwa tukikariri kemia wakati wa likizo, wewe ukiweka kikombe chako cha chai daima mahali pamoja, kwenye lile duara la saruji katikati ya terazo, ile sakafu ya chenga za marumaru zilizosagwa pamoja na saruji. Sikuwahi kukueleza kwa nini duara lile halina terazo, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijui. Mama aliniambia mwaka jana.

Baba, kama unavyojua, alikuwa fundi terazo. Alilijenga baraza lile walipokuwa bado wageni katika ndoa, kwa chenga za marumaru zilizobaki kwenye kazi za watu mjini. Akaacha duara la ukubwa wa sinia, akalijaza saruji ya kawaida kwa muda, akamwambia Mama: hapa ni pa mawe ya kwenu. Mama ni Mjita, alizaliwa ufukweni, na tangu aolewe huku amerudi kwao mara mbili tu, zote kwa msiba. Baba alikuwa ampeleke siku moja kwa furaha, wakae, waokote mawe yale aliyochezea mdako utotoni, waje wayapange kwenye duara. Kila mwaka kulikuwa na ada za shule. Kisha akaugua. Tulipomzika mwaka 2009 saruji ile ya muda ilikuwa ingali pale, na ingali pale hadi leo.

Mama magoti hayampi tena ruhusa ya kusafiri kilomita zaidi ya 1,000. Macho nayo yanafifia. Kwa hiyo nimeamua nitakwenda mimi, na sitaki kwenda bila wewe, kwa sababu wewe umelikalia baraza lile karibu sawa na sisi tuliozaliwa hapo, na kwa sababu unaishi na ziwa lile kila siku na mimi silijui.

Nilimwomba Mama anieleze mawe yenyewe yalivyokuwa. Alifumba macho, akanyoosha kiganja kana kwamba yamo. Kuna jeupe, akasema, kama jino la mtoto. Kuna jekundu kama ini, mengine yana mistari myeusi. Kuna la rangi ya waridi lenye vitu vinavyometa. Na kuna la kijani kilichoiva, kama mlenda ukiwa chunguni. Hilo la kijani ndilo lililokuwa la kurushia, kwa kuwa ni zito kwa umbo lake na haliponyoki mkononi.

Nikiri kwamba nilidhani utoto umeyapaka rangi. Basi nikaanza kusoma, na kila nilichokisoma kimempa Mama haki. Miamba ya kandokando ya Ziwa Viktoria upande wetu ni ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ni graniti, ile ile ya majabali yanayokaliwa na mji wako wa Mwanza, na Jiwe la Bismarck mnalolipigia picha likiwa mojawapo. Waridi ya graniti inatokana na madini yaitwayo feldspa, na kinachometa ni ulanga. Lakini katikati ya graniti hiyo zinapita kanda za miamba iliyokuwa lava, na wanajiolojia wanaziita miamba ya kijani kwa sababu rangi yake ni hiyo kweli. Mojawapo inapita Musoma na Mara, na ndiyo yenye dhahabu ya huko. Ndani ya kanda hizo kuna tabaka za chuma zilizopangana nyekundu na nyeusi kama kanga iliyokunjwa. Na jeupe ni kwatzi, jiwe lile lile ambalo wachimbaji wa dhahabu hulifuata ardhini. Msichana wa miaka minane alikuwa ameshika kiganjani historia yote ya pwani ile, na hakuna aliyemfundisha. Nililia kidogo nilipolielewa hilo, nakwambia kweli.

Mwanangu naye alinionyesha kwenye simu watu wa Marekani wanaotembea kandokando ya Ziwa Superior wakitafuta akiki, mawe yenye mistari ya rangi. Wanasubiri dhoruba ipite, kisha wanaingia ufukweni asubuhi wakati mawimbi yamepindua kokoto na kuleta mpya juu. Lile ndilo ziwa la maji baridi la kwanza duniani kwa eneo, letu ni la pili, na akiki zao zimewekwa wekundu na chuma, kama mawe ya Mama. Akiki za vile sitegemei tuzipate. Nilichojifunza kwao ni jinsi ya kutafuta: jua likiwa chini, ukitembea pale maji yanapogusa nchi, maana jiwe likikauka linafifia na rangi yake inajificha. Baba alikuwa akilijua hilo. Akimaliza kusaga sakafu ilikuwa imejaa tope jeupe, haina sura, kisha anamwaga ndoo ya maji na sisi watoto tunapiga kelele. Kwa hiyo tutakuwa na beseni la maji. Jiwe lisilotupendeza ndani ya beseni tunalirudisha hapo hapo tulipolitoa.

Nimechagua mwisho wa Septemba kwa ajili ya maji yenyewe. Masika hulijaza ziwa hadi kama Mei, halafu linashuka taratibu wakati wa kiangazi, na ufuo unafunguka. Nakumbuka ulivyoniandikia mwaka 2020, na tena 2024, kwamba maji yamepanda yakameza fukwe na nyumba za watu, na naogopa sehemu aliyochezea Mama imefunikwa kabisa. Hata ikiwa hivyo, mawimbi yatakuwa yamebeba mawe yale yale na kuyatupa hatua chache juu zaidi.

Njia sitapita Serengeti, ingawa ndiyo fupi. Ada za hifadhi ni kubwa kwangu. Kaka amekubali kuniachia gari lake la Noah kwa siku tisa. Nitaondoka Moshi alfajiri, Arusha, Babati, nilale Singida. Natamani nifike kabla ya magharibi niyaone majabali ya Ziwa Singidani. Kesho yake Nzega, Shinyanga, hadi kwako. Kutoka Arusha hadi Mwanza kwa njia hiyo ni karibu kilomita 800, lami tupu. Nipe usiku mmoja wa kupumzika na sato wa kukaanga. Kisha tunaondoka wote: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, tukiwa na Ghuba ya Speke kushoto kwetu, na tunaingia Majita kwa kupitia Musoma. Hapo hatuna haraka tena. Siku tatu nzima ni za ufukweni.

Sasa mambo ambayo nataka tukubaliane kabla, maana nimeyafikiria sana.

La kwanza ni ruhusa. Ufuo una wenyewe. Tukifika kijijini tunaanza ofisi ya mtendaji, tunasema sisi ni nani, Mama ni binti wa ukoo gani, na tumefuata nini. Kisha tunakwenda mwaloni, mitumbwi inapotua, kuwasalimu wavuvi. Wewe unajua dagaa wanavyoanikwa kwenye mchanga na juu ya mawe, na mama aliyekesha akingoja mitumbwi ya karabai hapaswi kuona wageni wawili wakikanyaga mali yake kwa sababu wameona kokoto nyekundu. Tukiokota jiwe linalong'aa kupita kawaida, tunaliacha, kwa sababu kuchimba na kuuza madini kunataka leseni, na sitaki hata mtu mmoja pale adhani tumekuja kwa hilo. Na usinishawishi kuokota chochote Kisiwa cha Saanane tukiwa Mwanza. Ile ni hifadhi ya taifa.

La pili ni kichocho, na hapa wewe ndiye mwalimu. Sijasahau barua yako kuhusu watoto mnaowapokea wodini. Vijidudu vile vinavyotoka kwenye konokono havihitaji jeraha, vinapenya ngozi nzima mtu akiwa anacheza tu majini. Nimenunua gambuti za urefu wa magoti jozi mbili, na glavu ndefu za mpira. Tutakaa mahali pa mawe palipo wazi, mbali na matete na maji yaliyotuama, kwa ajili ya konokono na pia kwa ajili ya viboko na mamba. Saa ya kuingia ufukweni asubuhi watatuambia wavuvi. Mwanga wa saa kumi na mbili naupenda, ila wakisema tungoje saa mbili tutangoja. Na tukirudi utanielekeza lini nipime.

La tatu ni uzito. Ndoo moja ya lita 10, hiyo tu, na isijae. Nimepiga hesabu, ikijaa mawe inafika kilo 16 hivi. Kaka alinishauri niagize gunia la chenga za rangi mjini, niokoe mafuta na siku tisa. Anasema kwa nia njema. Lakini duara lile Baba hakuliacha wazi kwa kukosa chenga. Alikuwa nazo chumba kizima.

Fundi nimeshampata, kijana aliyejifunza kwa Baba, sasa ana mvi. Alilipapasa duara akanyamaza muda mrefu. Amesema mawe yasisagwe, yalazwe mazima kwenye saruji nyeupe, migongo yake ikitokeza kidogo ili Mama ayatambue kwa kidole. Ndiyo maana tunataka yaliyolainishwa na maji, yenye ukubwa wa kokwa la parachichi au chini yake, yasiyo na ncha. Ukiwa na shaka juu ya rangi, fumba macho uligeuze kiganjani. Tutachagua kwa njia zote mbili.

Niandikie au nipigie kuhusu likizo yako. Tarehe 22 Septemba naweza kuwa mlangoni kwako, na wakikusogeza mbele wiki moja nitasogea nawe. Zaidi ya hapo nahofia mvua za vuli.

Mama amekaa hapa pembeni ninapoandika na anauliza kama nimekwambia hesabu. Mdako wao ulikuwa wa mawe kumi na mawili kwenye kishimo, na la kumi na tatu la kurushia. Anasema yale kumi na mawili yaende kwenye duara. Lile la kijani asiliguse fundi. Analitaka mkononi.

Wako daima,
Rafiki yako wa dawati la nyuma