Kabla Hujatuambia "Toa Zote"

Tulimnyoa vizuri, hilo naomba nilitangulize. Alikuwa muuguzi wa zamu, mama wa watoto wawili, mdogo ana miezi mitano. Alikuja Jumamosi jioni, akavua kilemba, akakaa, akasema maneno ambayo hapa saluni kwetu Tabata hayapiti wiki bila kusikika: "Dada, mimi nimechoka. Toa zote." Kijana wetu wa mashine akampiga fedi ya nguvu, pembeni chini kabisa, juu kidogo, kingo zimechongwa kwa wembe. Akajitazama kwenye kioo, akacheka mwenyewe, akalipa.

Siku ya kumi na mbili alirudi, na safari hii hakucheka. Pembeni kumeota, fedi haijulikani inaanzia wapi wala inaishia wapi, kisogoni vipele vinawasha. "Mliniambia nitapumzika. Mbona sasa natakiwa kuja huku mara nyingi kuliko nilivyokuwa nasuka?"

Hatukuwa na la kujibu. Yeye aliomba wepesi, sisi tukamuuzia ufupi. Tangu siku hiyo mama akikaa kwenye kiti na kusema "toa zote", mashine haiwashwi mpaka tuzungumze kwanza. Mazungumzo yenyewe ndiyo haya.

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na hizi zetu za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Sasa chukua pembeni palipopigwa namba 1, yaani milimita 3. Wiki mbili baadaye zimeongezeka milimita nne hivi: tayari zina zaidi ya mara mbili ya urefu ulioondoka nao saluni, na kila mtu anaona. Chukua kichwa kingine chenye sentimita nne juu, uongeze milimita zilezile nne. Nani atajua? Mtindo ukiwa mkali ndivyo unavyokuita saluni upesi. Mstari wa wembe kwenye paji la uso unapendeza siku nne au tano, baada ya hapo unaonekana kama kazi iliyoachwa njiani. Na wembe una adhabu yake kwa nywele zinazojikunja: unywele uliokatwa usawa wa ngozi, ukianza kuota, hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Vile vipele vya kisogoni vinatoka hapo, wala si lazima mashine iwe chafu (ingawa mashine isiyofutwa kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa ni ugomvi mwingine; mapunye hayachagui mteja, na una haki ya kusimama kuangalia ikisafishwa).

Kwa hiyo mama anayetaka kupumzika kweli, sisi tunamshauri hivi. Juu zibaki sentimita tatu hadi nne. Pembeni na kisogoni namba 4 au namba 3, ambazo ni kama milimita 13 na 10. Kati ya juu na pembeni hapawekwi mpaka, mkasi unapita kuzipunguza taratibu ziungane. Shingoni hatupigi mstari, tunaacha zipungue zenyewe kuelekea chini. Paji la uso haliguswi na wembe kabisa. Ukitoka hapa watu hawatashangaa sana, nakubali, siyo mtindo wa kusimamisha daladala. Lakini wiki ya tatu utafanana na wiki ya kwanza, na wiki ya sita bado unaweza kwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni bila kilemba. Unarudi kwetu baada ya wiki sita hadi nane, unakaa nusu saa, basi. Kibiashara fedi ingetulipa zaidi, maana mwenye fedi anarudi kila wiki mbili.

Jambo la kuangalia, hata kama utanyoa kwingine: nywele za kipilipili zikatwe zikiwa kavu na zimejikunja kama zinavyojikunja siku zote. Zikivutwa kwa draya kwanza zikanyooka, ndipo zikakatwa, utaondoka umependeza, na siku ukiziosha zitarudi juu, upande mmoja zaidi ya mwingine. Nywele zetu zinaweza kusinyaa zaidi ya nusu ya urefu wake, na hazisinyai sawasawa kichwa kizima. Za utosini mara nyingi si kama za kisogoni. Fundi anayejua kazi hii anakata kidogo, anasogea nyuma kuangalia, anakata tena.

Suala la sura ya duara na sura ya yai nitalipita haraka. Lipo, fundi analiona ukiingia mlangoni, na linarekebishwa kwa kuacha sentimita moja zaidi juu au pembeni. Halistahili kukunyima usingizi.

Linalostahili ni umri wa mtoto wako. Yule muuguzi alikuwa na mtoto wa miezi mitano, nasi hatukumuuliza kwa nini amechoka. Tungemuuliza angetuambia nywele zinatoka kwa mafungu bafuni. Wakati wa ujauzito homoni hushikilia nywele nyingi kwenye hatua ya kuota, ndiyo maana wengine hujaa nywele wakiwa na tumbo. Baada ya kujifungua zile zilizoshikiliwa huachiwa karibu pamoja, na kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne zinaanza kudondoka. Wengine wanamsingizia mtoto, wengine kunyonyesha. Hakuna mwenye kosa hapo. Kwa wengi hali hiyo inatulia yenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Kunyoa hakuzizuii kudondoka, kunafanya tu usizione nyingi kwenye chanuo, na kwa mama mwingine hiyo pekee ni nafuu kubwa. Ila kama kuna mahali pamebaki upara kama sarafu, au mwaka umepita bado zinatoka, au unachoka kuliko kawaida, saluni si mahali pake. Nenda hospitali wakuangalie damu na tezi ya shingo.

Na kwa kuwa tuko hapo: nywele zinazodondoka zinaingia kwenye soksi na nguo za mtoto. Unywele mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole chake cha mguu ukakaza kama uzi, kidole kikavimba na kuwa chekundu, mtoto akalia usijue analilia nini. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, mvue soksi uangalie vidole kimoja kimoja, vya mikono pia. Ukiona umekaza na hautoki, mkimbize kituo cha afya.

Wapo ambao tunawaambia wasinyoe. Mama anayependa kusukwa, ambaye yale masaa ya kukaa chini ndiyo mapumziko yake pekee ya mwezi, kwa nini nimnyang'anye? Tunachofanya ni kuhesabu naye. Rasta nyembamba zinachukua saa tano au sita kusuka na saa mbili nyingine kufumua, zinakaa wiki sita hadi nane. Twende kilioni inamalizika ndani ya saa moja lakini wiki ya pili imeshachoka, hasa kwa joto hili la Dar. Ukizijumlisha kwa miezi miwili, masaa hayapishani sana kama watu wanavyodhani. Tofauti ni kwamba rasta zinakula siku nzima kwa mkupuo, twende kilioni inakula vipande vipande. Mama wa duka anaweza vipande. Mama anayepanda mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku ana Jumapili tu. Ukisuka, mwambie msusi asikaze pembeni. Kichwa kinachouma usiku wa kwanza hadi unameza panado kimekazwa kupita kiasi, na nywele za kwenye kingo zikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mizizi hufa na hazirudi tena. Hapo hata kunyoa hakufichi kitu.

Wenye nywele za dawa wanahitaji kikao chao. Ukiacha dawa, nywele mpya zinaota kipilipili chini na zilizonyooka zinabaki juu, na pale zinapokutana ndipo panapokatika. Kuna njia mbili. Ukate zote za dawa siku moja na ubaki na zilizoota, au usuke twende kilioni miezi sita huku tunapunguza ncha kila mwezi, mpaka uwe na sentimita tano au sita za kwako mwenyewe za kuanzia. Mama mwenye mtoto mchanga huwa namshauri njia ya kwanza, maana kutunza nywele za aina mbili kichwani ni kama kulea pacha. Ila asikate siku aliyogombana na mtu. Tumeshaona.

Halafu kuna watu. Ukinyoa, jirani atakuuliza nani kafariki, kwa sababu makabila mengi bado yananyoa wakati wa msiba. Mama mkwe anaweza kununa. Wewe mwenyewe utajiona umerudi darasa la tano na sare ya bluu na nyeupe, kwa kuwa wengi wetu tulinyolewa shule ya msingi bila kuulizwa, na kipara cha shule hakikuwa mtindo wa mtu yeyote. Hereni zinasaidia. Sentimita tatu nazo zinasaidia: ukiwa nazo hujanyoa kipara, una nywele fupi, na tofauti hiyo inaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Dada zetu wa ushungi mara nyingi hudhani mazungumzo haya hayawahusu. Yanawahusu sana. Nywele ndefu zilizooshwa alfajiri zikafunikwa mbichi zinakaa na unyevu siku nzima chini ya kitambaa, na hapo mba na muwasho hupata pa kukaa. Nywele za sentimita tatu zinakauka unapochemsha chai.

Utunzaji wenyewe ni mdogo. Shampuu mara moja kwa wiki inatosha. Kama mtaani kwenu mnaoga maji ya kisima yenye chumvi, tafuta hata lita tatu za maji matamu za kusuuzia mwisho, utaona tofauti kwenye chanuo. Asubuhi nyunyiza maji, paka gilisarini au mafuta ya nazi kiasi cha ncha ya kidole, kisha zungusha sponji yenye matundu dakika tatu ukitaka nywele zijiviringe vile vitunguu vidogo vidogo. Usiku funga kitambaa cha satini. Rangi ya dhahabu inapendeza kwenye nywele fupi, lakini ndani ya mwezi mmoja mizizi myeusi imeshajitokeza na umerudi kule kule kwenye kuitwa saluni. Kama umetamani rangi, subiri mtoto aanze kulala usiku mzima.

Yule muuguzi hatukumlipisha mara ya pili. Tulimwomba aache kichwa kiote mwezi na nusu bila wembe, kisogoni tukampa ushauri wa kutokwangua vipele, kisha tukamkata kama nilivyoeleza. Sasa anakuja kila baada ya wiki saba, akitoka zamu ya usiku, na mara nyingi husinzia kwenye kiti kabla hatujafika sikioni.

Ukija nawe, njoo na nywele zilizooshwa jana yake, usizipake mafuta, usizifunge. Jumamosi kumejaa, usije. Jumanne hadi Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, viti huwa vitupu. Mkeka wa watoto upo chini ya dirisha, mbali na mashine, na binti wa mapokezi amezoea kubeba. Wa miezi sita kwenda juu mletee kitu cha kutafuna, maana huyo huwa anataka chanuo.