Filamu fupi isiishie kwenye makofi

Ndugu Mhariri,

Kila anayetaka kuizindua jamii kuhusu ukatili wa majumbani, ndoa za utotoni au dawa za kulevya, siku hizi hufikiria kutengeneza filamu fupi. Sisi tunaofanya kazi hii tunalifurahia jambo hilo. Kinachotuumiza ni kuona filamu nzuri ikitazamwa siku ya uzinduzi tu, kisha ikalala kwenye diski. Mara nyingi bajeti yote imeliwa na kamera na uhariri, na hakuna kilichobaki cha kuipeleka kwa watu na kuketi nao.

Tunawaomba wanaopanga miradi hii waanzie mwisho. Kabla ya kushika kamera waandike nani ataitazama, na akishaitazama afanye nini. "Watu waelewe madhara ya ndoa za utotoni" haitoshi. "Baba mwenye binti wa miaka 14 ajue amwone nani kabla ya kupokea posa": hapo mnajua wa kumhoji, lugha ya kutumia na urefu wa filamu. Kwa filamu ya kuchokoza mjadala, dakika 7 hadi 12 zinatosha. Ikizidi 20, watu huanza kujadili huku wanatazama saa.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1967 Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada alipeleka kamera katika kisiwa cha Fogo nchini humo, wakati wakazi wake wavuvi wakishinikizwa kuhama. Badala ya filamu moja ndefu zilitengenezwa fupi zaidi ya 20, na wanakisiwa ndio walioonyeshwa kwanza. Aliyerekodiwa aliweza kukataa kipande chake kisitoke. Watu wa vijiji vilivyokuwa havisemezani wakasikia shida zao zikitajwa na wengine. Ushirika wa wavuvi ukaundwa, na kisiwa hakikuhamwa.

Kwenye kurekodi, hangaikeni na sauti kwanza. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, ila maneno yasiposikika anaondoka. Simu ya kawaida hupiga picha za kutosha, lakini maiki yake ikiwa mita 2 kutoka kwa msemaji hunasa feni na mwangwi wa kuta. Tumieni maiki ya kubana kwenye nguo, shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na ncha ya mtandio. Zimeni feni na friji. Anayerekodi avae hedifoni muda wote, la sivyo mkwaruzo utagunduliwa mhojiwa ameshakwenda zake. Kabla ya kufungasha, rekodini ukimya wa chumba hicho kwa sekunde 30. Mhariri wa filamu ataujaza kwenye mapengo ya sauti.

Kosa linalotutisha kuliko yote ni la kuwaficha watu. Uso unatiwa ukungu, halafu sauti inaachwa ilivyo, na bangili mkononi, na rangi ya mlango nyuma yake. Jirani humtambua mtu kwa sauti kabla hata ya kumwona. Hata kumweka mbele ya dirisha ili awe kivuli hakutoshi, kwani picha ikiongezwa mwanga kwenye kompyuta sura inaweza kujitokeza. Na rekodi ya awali, isiyo na ukungu wowote, bado iko kwenye kadi inayoweza kupotea. Basi uso usirekodiwe kabisa: pigeni picha za mahali pengine, maneno yake yasomwe na mwigizaji, na watazamaji waambiwe hivyo. Ridhaa nayo si saini moja. Ombeni tena baada ya mhusika kuona filamu iliyokamilika, na muulizeni kila moja peke yake: kuonyeshwa ukumbini, kwenye televisheni na kwenye intaneti. Ya intaneti hairudishwi.

Siku ya onyesho, faili ijaribiwe mapema kwa projekta ileile na spika zilezile, maana kinachocheza kwenye kompyuta huweza kugoma kwenye projekta. Nje, jua likiwa bado juu, skrini haionyeshi kitu. Subirini giza liingie. Awepo mshauri nasaha, kwa sababu aliyepitia mambo hayo anaweza kuwa ameketi mstari wa tatu. Na mwongoza mjadala asiulize "Mmejifunza nini?" Atajibiwa anachotaka kusikia. Aulize: "Nani katika filamu hii ungependa kumwambia neno, na ungemwambia nini?" Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu.

Baada ya miezi 3 rudini mahali palepale mkaulize kuhusu kile kitendo kimoja mlichokiandika mwanzoni. Fungu la safari hiyo litengwe kabla kamera haijanunuliwa.

Watengenezaji wa filamu fupi za jamii